Kitabu Tulichoapia

Kawempe, Jumatatu asubuhi

Ndugu yangu Jibril Mansur,

Salaam aleikum, na kama bado umekula kiapo cha kutoitikia salamu yangu, mwachie mkeo Mwanawetu aitikie kwa niaba yako, maana yeye moyo wake ulikuwa laini tangu zamani. Habari za magoti? Nimesikia la kushoto limegoma kabisa na sasa unaswali umekaa kwenye kiti. Nimesikia pia kwamba bado unafua sigiri za bati, zile za mkaa, hapo Katwe na kuwafokea wateja wanaoshikashika bila kununua. Hilo limenifurahisha. Mimi mzima, ukiondoa meno, macho na kibofu. Joska, mke wangu, tulimzika mwaka juzi. Habari hiyo ulikuwa nayo, kwa sababu Mwanawetu alikuja na mchele, akakaa na wanawake hadi jioni, akanipa mkono wa pole na asiniulize swali hata moja. Afadhali angenitukana.

Nakuandikia kukuarifu kwamba nimekuwa mtu mkubwa. Maktaba moja hapa mjini imeniita nikawafundishe wasomi wake mambo ya vitabu vya kale. Wamenipa kiti kinachozunguka, chai ya maziwa asubuhi na alasiri, na binti mwenye shahada mbili ananiita Profesa. Juzi niliwaeleza habari za kitabu kilichopigwa chapa kabla babu wa babu yako hajatahiriwa, wakasimama wote wakapiga makofi.

Najua hapo umeguna. Wewe uongo wangu unaunusa hata ukiwa ndani ya bahasha. Basi nafuta. Hakuna kiti, hakuna makofi, na chai niliichemsha mwenyewe, tena kavu. Binti yupo kweli, na shahada zake zipo, ila haniiti Profesa. Ananiita mzee Okwera, na kila akitaja jina hilo natafuta mlango wa nyuma. Amekuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nilijifungia chooni mpaka akachoka kubisha. Mara ya pili nilimwomba jirani amwambie nimekufa. Yule mpumbavu akasema nimesafiri, narudi kesho. Mara ya tatu alinikuta barazani, mguu mmoja ndani ya beseni la maji moto, na hujawahi kuona mtu akikimbia na beseni.

Anaitwa Loice. Kazi yake, Jibril, sikujua kama ipo duniani: anafuata nyayo za vitabu. Anataka kujua kitabu kilitoka mikononi mwa nani, kikaenda kwa nani, kilinunuliwa au kilitolewa zawadi au kiliibwa, jina baada ya jina, mpaka huyu aliyenacho leo. Ni kama tulivyokuwa tukifuatilia baiskeli za wizi, tofauti yake ni kwamba sisi tulichoka baada ya siku mbili, huyu binti hachoki. Na kitabu anachokifuata ni kile chetu. Kile tulichoapia.

Najua umekikumbuka. Kinene kama tofali, jalada la ngozi iliyopasuka kama kisigino changu, ndani picha za majani na mizizi zilizochongwa kwenye ubao zikapigwa chapa, na maneno ya Kilatini yamebanana hadi ukingoni. Kiko kwangu. Kimekaa juu ya kabati miaka yote hii, kimefungwa blanketi la kambi. Sijawahi kukishika kwa mkono mtupu tangu mwaka ule. Nikitaka kufuta vumbi natumia kile kitambaa cha kuepulia sufuria. Joska alinicheka mpaka akaacha. Usiniulize kwa nini sasa hivi. Nitafika, miguu yangu ni mizito leo.

Unajua mwenyewe jinsi kilivyopata cheo. Kambi yetu ya polisi ilikuwa ya mchanganyiko: huyu wa kanisa, huyu wa msikiti, na huyu wa kanisa kaoa wa msikiti. Kuku akipotea, mmoja anaapa kwa Biblia, mwingine kwa Kurani, na kila upande unanong'ona kwamba kiapo cha wenzao hakishiki. Inspekta Obwona alikuwa anapandwa na presha kila Jumamosi. Mimi nilikuwa mtunza stoo ya vitu vilivyokamatwa, wewe mtunza stoo ya bendi, mlango wangu ukiutazama wako. Siku moja nikachomoa dude lile kwenye rafu ya chini, chini ya mapanga na mitungi ya gongo. Nikaona Kilatini. Mimi ni mtoto wa misheni, darasa la nne, nilibeba mishumaa mbele ya padri; kwangu Kilatini kilikuwa sauti ya Mungu akiwa na mafua. Nikatangaza kwamba hiyo ni Biblia ya kale. Wenzako wakafungua, wakaona pembeni mwa kurasa kumejaa mwandiko wa herufi za Kiarabu, wakakibusu. Obwona akashukuru mbingu. Tangu siku hiyo kambi nzima iliapa juu ya kitabu kimoja, na hakuna aliyekisoma.

Halafu kikaanza kuua. Ogwang aliapa hakula bata mzinga wa jirani, na kabla ya miezi mitatu akakabwa na mfupa wa samaki mezani, mbele ya watoto wake. Watu wakasema mfupa ule ulikuwa wa bata mzinga. Abwola aliapa hajawahi kumwaga maji machafu mlangoni kwa mke mwenza, na paa la kota yake likamshukia mchana, jua linawaka, upepo hakuna. Alipona, lakini hakutembea tena. Nilikuwa wa kwanza kuwacheka, na wa kwanza kuacha kucheka.

Basi Loice akaniambia nikilete. Nilikileta na kitambaa cha sufuria. Akavua blanketi, akakifungua kwa vidole vyake vitupu, vidogo kama vya mwanangu Aol, nami nikafumba macho. Nakuapia (ona, nimeshaanza tena) nilisubiri kusikia kishindo cha mtu kuanguka. Nikasikia anacheka. Akasema mzee Okwera, huu ni mnanaa. Akapindua. Hiki ni kitunguu saumu. Huu wenye mizizi ya kutisha wanampa mtu asiyepata choo. Kitabu kizima, Jibril, kutoka jalada hadi jalada, ni cha mitishamba. Kilichapwa Ulaya miaka mia nne na themanini iliyopita, kwa ajili ya waganga na wauza dawa. Nimeogopa mnanaa miaka thelathini na sita.

Wewe ulisema. Siku ile uwanjani, mbele ya bendera, ulisema. Nami ndiye nilianzisha kicheko.

Sitajifanya nimesahau. Ngozi ya chui ya mpiga ngoma kubwa ilikuwa imepotea stooni kwako, siku tisa kabla ya gwaride, na ufunguo ulikuwa wako. Obwona akakwambia uweke mkono juu ya kitabu. Ukakifungua kwanza, kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya. Ukasoma pembeni, mstari baada ya mstari. Kisha ukasema kwamba huo ni mwandiko wa babu yako Sulaimani, ambaye wewe mwenyewe hukumkuta ila ulijifunzia kusoma kwenye makaratasi yake. Ukasema ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwamba mahali pale palikuwa na dawa ya mtoto anayeharisha, nawe huwezi kumwita Mungu shahidi juu ya dawa ya kuharisha. Ukaomba Kurani uape papo hapo. Mimi nikauliza kwa sauti kama babu yako pia ana dawa ya mwizi anayeharisha kwa woga. Uwanja mzima ukacheka. Obwona akauliza kwa nini kitabu kimewatosha watu arobaini ila wewe. Ukakataa mara ya tatu. Kufika saa kumi vyombo vyenu vilikuwa nje, Mwanawetu amembeba Taqwa mgongoni, na godoro lenu likiwa juu ya mkokoteni. Mpiga ngoma akaandamana amevaa kitambaa cha meza cha mesi, na tangu siku hiyo ukaitwa Jibril wa Chui. Mpaka leo wazee wa kambi wakikutana msibani wanalitaja jina hilo. Nami huwa nakaa papo hapo, nikitafuna.

Turudi kwa Loice. Ameshafika mbali na orodha yake. Jina la kwanza ni la mtawa mmoja wa huko Ulaya, limeandikwa kwa wino wa kahawia. Kuna mengine mawili yaliyofutika. Halafu muhuri wa daktari aliyekuja hapa na wamisheni akafa hapa hapa. Barua za daktari huyo kwa dada yake zimehifadhiwa, na moja inasema kitabu chake cha majani amempa msaidizi wake Sulaimani, Mwislamu mwenye asili ya pwani, kwa sababu Kilatini hajui lakini majani anayajua kuliko daktari mwenyewe. Anasema walikuwa wakikaa wawili, daktari akisoma picha ni ya nini, naye Sulaimani akiandika pembeni mmea gani wa Buganda unafanya kazi ile ile. Baadaye sana, polisi walipekua nyumba ya Sulaimani kwa tuhuma za uchawi, wakachukua kila chenye mwandiko wasioujua. Hakushtakiwa, na hakurudishiwa.

Unadhani binti alinijuaje? Amekuta daftari la stoo. Daftari langu! Mstari upo pale, kwa mwandiko wangu wa kuku: kitabu kikubwa kimoja, cha zamani. Kimetolewa na Konstebo T. Okwera. Sababu ya kutolewa: kimerudishwa kwa mwenyewe.

Nilikuwa nimeandika hivyo kwa sababu nafasi ile ilitaka kujazwa na sababu, nami nilitaka kukipeleka kwa Obwona bila maswali. Sasa Loice anauliza swali moja tu, kwa upole, kama muuguzi anayetafuta mshipa: mwenyewe alikuwa nani? Kama ulikirudisha, kwa nini kiko juu ya kabati lako?

Nikamjibu kwamba mambo ni mengi na uzee ni mmoja. Akatabasamu. Halafu akaweka ukucha wake mwanzoni mwa kitabu na kunionyesha kwamba kuna karatasi imekatwa, tena si zamani, ukingo bado mweupe. Nikasema panya. Akasema ni panya msomi huyo, ametumia rula. Akasema pengine ndipo palipoandikwa jina la Sulaimani, kwa mkono wa daktari, na kwamba bila karatasi hiyo hawezi kusema kwa hakika kitabu hiki ndicho alichopewa, wala kuwatafuta watoto na wajukuu wake. Kwa hiyo kama haitapatikana, orodha itaishia kwangu. Ataandika kwamba mmiliki wa mwisho ni Tarcisio Okwera. Maktaba iko tayari kukipokea kwa jina langu, na watabandika kibao chenye jina hilo ukutani, kwenye kioo.

Ijumaa saa nne asubuhi anarudi na mkuu wake na karatasi ya maelezo. Nitaeleza nilivyokipata, nitatia sahihi, na chini kuna maneno kwamba naapa niliyosema ni kweli. Naapa, Jibril. Nilipoliona neno hilo kalamu ilinitoka ikaingia kwenye beseni.

Sasa nimefika. Nipe subira, nimekunywa maji.

Ngozi ya chui niliichukua mimi.

Shemeji yangu alikuwa anaoa Kamwokya, nami nilitaka wakwe wanione. Ulipofunga kazi ukaenda kuswali magharibi uliutundika ufunguo kwenye msumari kama kawaida yako, kwa sababu mtu wa mlango wa pili alikuwa rafiki yako. Nilikusudia niirudishe kabla ya asubuhi. Niliivaa, nikacheza, nikanguruma, watoto wakakimbia, nikanywa, kisha nikakaa chini na mgongo wangu ukaegemea sigiri ya nyama. Niliposikia harufu nilidhani ni mbuzi. Nusu ya mgongo wa chui ilikuwa majivu. Nikaitupa kwenye shimo la choo cha watu, nikaurudisha ufunguo kwenye msumari wako kulipopambazuka, nikakusalimia, ukaniambia nina macho mekundu, nikalale.

Niliapa baada ya wewe kukataa, utakumbuka. Niliuweka mkono juu ya kitabu nikasema sijaiona ngozi ile tangu Pasaka. Ndipo nikaukata ukurasa wa mbele, kwa wembe na rula, kwa sababu usiku ule nilikifungua kuhakikisha wewe ndiye mwongo, nikakuta jina. Sulaimani bin Mansur, kwa herufi zetu hizi hizi, na chini yake sahihi ya daktari. Hata mimi wa darasa la nne niliweza kulisoma. Ningekimbia nalo kwa Obwona ungerudi kotani siku ile ile. Lakini baada ya hapo wangeuliza, basi ngozi imeliwa na nani, na zamu ya kutazamwa ingekuwa yangu. Obwona alipostaafu nikabeba na kitabu chenyewe, nisije nikakiacha kikazungumza.

Tangu hapo nimekisubiri kiniue. Sijala samaki mwenye mifupa. Silali chini ya paa la vigae. Nikivuka barabara naangalia juu kwanza. Kila mwaka uliopita nilisema ni huu. Alipougua Joska nilijua kimekosea shabaha, nikakaa pembeni ya kitanda chake siku kumi na moja, na sikumwambia. Alikufa akiamini kwamba kitambaa cha sufuria ni kichaa tu cha mumewe.

Ungedhani sasa, baada ya kuambiwa ni mnanaa, nimecheza ngoma. Binti alipoondoka nilikaa barazani mpaka maji ya beseni yakapoa, nikahisi baridi ambayo sijawahi kuihisi. Kwa sababu kama kitabu hakikuwa na kitu, basi Ogwang alikabwa na samaki tu, na paa la Abwola lilikuwa bovu tu, na hakuna aliyekuwa akinifuata. Miaka thelathini na sita hakuna aliyekuwa ananiadhibu. Woga wote ule haukuhesabiwa popote, haujapunguza kitu. Kosa bado liko zima kama siku ile, na mwenye haki ya kuninyooshea kidole ni mtu mmoja, anakaa Katwe, basi mbili kutoka hapa. Kitabu nilikizoea. Wewe nakuogopa upya.

Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Sauti yangu ingeanza mizaha, na wewe ungekata.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Niliificha ndani ya kopo la majani ya chai, kwa hiyo inanukia, usidhani ni dawa ya babu yako. Ukiwa na hasira uichane, lakini mwonyeshe Mwanawetu kwanza. Ukiipeleka kwa Loice, namba yake nimeiandika mgongoni mwa bahasha, atajua mwenyewe ni nani, na kibao kitakuwa na jina la kwenu, au kitabu kitakuja nyumbani kwenu, hilo ni shauri lako na wanao. Taqwa yuko wizara ya afya, sivyo? Mwambie babu mkubwa ameacha kurasa mia nne za kazi kwa ajili yake.

Msalimie Mwanawetu. Msalimie Taqwa na watoto wake, na yule mwenye masikio yangu mwambie simjui baba yake. Wote wa hapa wanakusalimu, ila kwa kuwa hapa niko peke yangu na bata wawili, pokea salamu za bata.

Kuna jambo dogo la mwisho, na nisamehe, hili nakudai. Siku Taqwa alipozaliwa ulikuwa na zamu getini. Nilivaa koti lako nikasimama mvua nzima ili wewe uende hospitali, na uliporudi ulinitia kipande cha halua kinywani, ukasema unadaiwa zamu moja, nikuite siku yoyote. Sijawahi kukuita. Nakuita Ijumaa, saa nne asubuhi. Hutakosa swala, nitakuachia mapema. Sikuombi unisamehe wala unijibu salamu. Njoo ukae kwenye baraza yangu wakati natia sahihi, useme kitu au usiseme, ili nikianza kupindisha maneno nikuone. Peke yangu nitadanganya, Jibril. Najijua.

Mimi,
Tarcisio Okwera, aliyekuwa mlango wa pili